Nalala Katikati ya Sala: Je, Nimekuwa Vuguvugu?

"Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kamulu, na nimeajiriwa kama mpishi katika mkahawa mmoja Westlands. Zamani nilipokuwa nikiuza mboga karibu na nyumbani, nilikuwa naamka saa tisa usiku naomba saa nzima, na Ijumaa sikukosa kesha. Tangu nipate kazi hii, natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri, nashuka mjini naunganisha matatu nyingine, na jioni nafika saa mbili au saa tatu kutegemea msongamano. Nikishapika, nikafua sare za watoto na kuangalia kazi zao za shule, inakuwa saa tano. Bado naamka saa tisa na nusu nipige magoti, lakini nalala papo hapo nimeegemea kitanda, nashtuka wakati wa kutoka umefika na sijasema neno. Naomba nikiwa ndani ya matatu, ila sijui kama hiyo ni sala. Kiongozi wetu wa ushirika wa nyumbani aliniambia kwamba moto wa madhabahu yangu umezimika na nimekuwa vuguvugu, na kwamba hata wanafunzi wa Yesu walikemewa kwa kulala. Siku yangu ya mapumziko ni Jumanne lakini mara nyingi naitwa kazini. Je, Mungu ananihesabia dhambi? Nirudieje mahali nilipokuwa?"

Amina, dada yangu. Nitaanza na jibu lenyewe, kwa sababu naona umelisubiri kwa muda mrefu ukiwa na hofu: hapana, Mungu hakuhesabii dhambi kwa kushikwa na usingizi ukiwa magotini. Mtu anayepunguza usingizi ambao tayari haumtoshi, ili apate dakika chache na Mungu wake, hajaacha kumpenda. Yapo mambo ya kurekebisha katika maisha yako ya sala, nami nitayasema bila kuficha, lakini tutayarekebisha vibaya tukianza kwa kukuita mkosaji.

Naelewa kwamba barua yako ina maswali mawili yaliyofungana. La kwanza ni kama usingizi huu ni dalili ya moyo uliopoa. La pili ni kama sala ya kwenye matatu, iliyokatikakatika, yenye kelele za konda na muziki, ina uzito sawa mbele za Mungu na ile ya saa tisa usiku uliyoizoea. Umechanganya na la tatu, ambalo ni namna ya kurudi mahali ulipokuwa, na hilo nitaliacha kwa sasa kwa sababu sina hakika kwamba unapaswa kurudi huko.

Tuanze na mwili, maana katika mashauri yote uliyopewa naona ndio uliosahauliwa. Ukilala saa tano na kuamka saa tisa na nusu, umelala saa nne na nusu. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi kila usiku. Muda wote tunapokuwa macho, ubongo hulimbikiza kemikali inayotuvuta kulala, na usingizi ndio unaoiondoa. Usiposafishwa vya kutosha usiku wa leo, kesho unaanza siku ukiwa na deni, na keshokutwa deni limeongezeka. Mwili wenye deni la namna hiyo hulinyakua kila tulizo linalopita. Sasa itazame hali yako ya saa tisa na nusu: chumba kina giza, watoto wamelala, viwiko viko juu ya godoro, macho umeyafumba, na hakuna sauti yoyote. Hapo mwili unakuta kila kitu ulichokuwa ukikitafuta tangu asubuhi iliyotangulia. Jikoni husinzii kwa sababu kuna joto, mafuta yanaruka, mhudumu anaita oda, na umesimama kwa miguu yako. Usifikiri kwamba basi unapenda kukaanga viazi kuliko kumwomba Mungu. Ungewekwa ukae gizani ufumbe macho karibu na karai hilohilo, ungelala pia.

Biblia inalijua jambo hili. Kiongozi wako alikutajia wanafunzi waliolala katika bustani ya Gethsemane, na ni kweli kwamba Yesu aliwauliza Petro na wenzake kama hawakuweza kukesha pamoja naye hata saa moja. Hatupaswi kulifuta swali hilo, kwa kuwa usiku ule alihitaji rafiki zake na wao hawakuwapo. Lakini sentensi inayofuata ni yake pia: "Kesheni, mwombe, msije mkaingia majaribuni, roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu." Aliyekuwa na haki kuliko wote ya kuwalaumu ndiye aliyetenganisha roho yao iliyo radhi na mwili wao uliochoka. Luka, anaposimulia usiku huohuo, anasema kwamba walikuwa wamelala kwa huzuni. Na haohao waliosinzia ndio waliosimama siku ya Pentekoste, wiki chache baadaye. Anayelitumia andiko hili kumwambia mama aliyechoka kwamba Mungu amemwacha, amesoma swali la Yesu akaruka maelezo yake.

Kuna mahali pengine ambapo ningependa ukae kwa muda, nako ni 1 Wafalme 19. Eliya alikuwa ametoka kwenye ushindi wa Karmeli, akakimbia jangwani kwa kumwogopa Yezebeli, akaketi chini ya mretemu akaomba afe. Kisha akalala. Malaika alipomgusa hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwambia ainuke ale, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya akala, akanywa, akalala tena, na malaika akamwacha alale. Akaja mara ya pili akamwambia, "Inuka, ule, maana safari hii ni kubwa mno kwako." Swali gumu la Mungu, "Unafanya nini hapa, Eliya?", lilikuja baadaye sana, kule Horebu, baada ya chakula mara mbili, usingizi mara mbili, na safari ya siku arobaini. Mimi huwa nawaomba watu waliochoka wautazame mpangilio huo kwa makini, kwa sababu sisi wahubiri tunapenda kuanza na Horebu na kuusahau mkate.

Sasa nije kwenye moto wa madhabahu, kwa kuwa naona ndilo neno lililokuchoma zaidi. Linatoka Walawi sura ya 6, ambako imeagizwa kwamba moto uwake juu ya madhabahu daima na usizimike. Ni agizo la kweli, lakini uliza lilitekelezwa na nani. Hakuna kuhani hata mmoja aliyeulinda moto ule peke yake usiku na mchana. Kazi ya nyumba ya Mungu ilikuwa ya ukoo mzima wa makuhani, na 1 Nyakati 24 inaeleza jinsi Daudi alivyowagawa katika makundi 24 wahudumu kwa zamu. Mamia ya miaka baadaye Zakaria, baba yake Yohana Mbatizaji, alikuwa bado anaingia hekaluni katika zamu ya kundi lake, kama Luka anavyosimulia katika sura yake ya kwanza. Zamu ilipokwisha, alirudi nyumbani kwake. Zaburi ya 134 inawataja watumishi wa Bwana wanaosimama usiku katika nyumba yake. Hao walikuwa na zamu ya usiku, na wakati wao wakisimama, Yerusalemu yote ilikuwa imelala, wala hakuna mahali ambapo waliolala wanaitwa vuguvugu.

Wewe unaijua zamu kuliko mimi, kwa kuwa ndiyo unayoifanyia kazi. Moto wa sala ni wa kanisa zima, na Mungu hakumkabidhi mtu mmoja wa Kamulu auwashe peke yake saa tisa na nusu kila usiku, kisha akakae nje kumhukumu ukififia. Usiku unapolala, jijini humuhumu wapo wanaokesha: wazee ambao usingizi umewapungua, walinzi wenye Biblia ndogo mfukoni, wauguzi, watawa, vijana walio kwenye kesha. Nawe unapokuwa jikoni saa nne asubuhi ukisema neno moja kwa Mungu, wengi wao wamelala. Sala ya kanisa haijakatika. Juu ya wote yuko yule ambaye Zaburi ya 121 inasema, "hatasinzia wala hatalala usingizi, Yeye aliye mlinzi wa Israeli." Kwa kuwa yeye halali, sisi tunaweza kulala, na kulala kwa kumtumaini ni sehemu ya imani. Daudi anasema hivyo katika Zaburi ya 4, "Katika amani nitajilaza na kupata usingizi mara," na Zaburi ya 127 inawaambia wanaoamka mapema na kukawia kulala, huku wakila chakula cha taabu, kwamba Bwana humpa mpenzi wake usingizi.

Kuhusu neno vuguvugu nitakuwa mfupi. Katika Ufunuo 3, kanisa la Laodikia liliitwa hivyo kwa sababu lilijisemea kwamba ni tajiri, limejitajirisha, wala halina haja ya kitu. Ugonjwa wake ulikuwa kutosheka bila Kristo. Wewe umeandika barua ndefu kwa sababu huwezi kuvumilia kuwa mbali naye. Dalili zako hazifanani na za Laodikia hata kidogo.

Iko pia imani iliyoenea sana hapa Nairobi kwamba saa tisa usiku ina nguvu kuliko saa nyingine, na kwamba anayeikosa amewaachia adui zake siku nzima. Sitaki kuidharau sala ya usiku, kwa sababu Yesu mwenyewe aliamka alfajiri na mapema sana akaenda mahali pasipo watu kuomba, na mwandishi wa Zaburi ya 119 anaamka katikati ya usiku kushukuru. Ukimya wa saa hizo ni zawadi kwa mwenye nafasi ya kuupokea. Lakini hakuna andiko linalosema kwamba Mungu husikia zaidi saa tisa ya usiku. Danieli aliomba mara tatu kila siku. Petro alipanda darini kuomba saa sita mchana, akiwa na njaa, na hapo ndipo alipoonyeshwa kwamba injili ni ya mataifa yote. Kornelio alijibiwa akiomba saa tisa alasiri. Aliyekufundisha kuiogopa siku kwa sababu hukuamka amekutwika mzigo ambao Kristo hakukutwika.

Tena ukumbuke Wakristo wa kwanza walikuwa watu wa aina gani. Wengi walikuwa watumwa na vibarua ambao hawakuwa na mamlaka juu ya muda wao. Jumapili haikuwa siku ya mapumziko katika dola ya Kirumi hadi mfalme Konstantino alipoiamuru mwaka 321. Kabla ya hapo waumini walikutana kabla ya kwenda kazini au baada ya kutoka. Plinio, gavana wa Kirumi, alimwandikia mfalme wake karibu na mwaka 112 akieleza kwamba Wakristo wa jimbo lake walikusanyika siku maalumu kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo. Na katika Matendo 20 tunamkuta Eutiko, kijana aliyeketi dirishani kule Troa katika ibada ya usiku, Paulo akihubiri mpaka usiku wa manane na taa nyingi zikiwaka ghorofani. Usingizi ukamlemea, akaanguka kutoka orofa ya tatu. Paulo alishuka, akamkumbatia, na kijana akaletwa yu hai. Hakuna neno moja la kumkemea kwa kusinzia katika ibada.

Kwa hiyo, je, sala ya matatu ni sala? Ni sala kamili. Nehemia alikuwa kazini, mnyweshaji akiwa na divai mkononi mbele ya mfalme Artashasta, alipoulizwa haja yake. Anasema, "Basi nikamwomba Mungu wa mbinguni," na papo hapo akamjibu mfalme. Sala ile ilichukua muda wa kuvuta pumzi, na kuta za Yerusalemu zilijengwa kutokana na jibu lililofuata. Bwana wetu alitahadharisha dhidi ya kudhani kwamba tutasikiwa kwa wingi wa maneno, na mtoza ushuru wa Luka 18 alirudi nyumbani amehesabiwa haki kwa sentensi moja.

Ila sitaki nikudanganye kwamba sala ya safarini haina mapungufu. Inakatika. Matatu ikisimama steji, mtu anakukanyaga, konda anadai nauli, simu inatetemeka, na ukirudi kwenye ulichokuwa ukisema umekisahau. Mtu akiishi kwa sala za namna hiyo peke yake kwa miaka mingi, huenda akabaki anamwomba Mungu msaada tu, asipate kumsikiliza. Ndiyo maana ninakushauri uipe umbo, badala ya kuiacha ijitokeze yenyewe.

Kutoka Kamulu hadi mjini una safari ndefu na alfajiri bado ni giza. Chagua zaburi moja fupi kwa wiki nzima. Zaburi ya 121 ina mistari 8 na inatosha. Isome Jumapili au Jumanne ukiwa nyumbani, kisha alfajiri, matatu inapoingia Kangundo Road, iseme kimoyomoyo polepole, mstari mmoja, ukinyamaza kidogo, halafu mwingine. Simu iache mkobani, kwa sababu ndiyo inayokula safari za watu wengi. Ukilala katikati ya mstari wa tatu, lala. Ukiamshwa na konda akipiga bodi la gari na kutangaza mwisho wa safari, endelea na mstari wa nne ukivuka barabara kwenda kwenye gari la Westlands. Jioni usijaribu mambo makubwa: mtajie Mungu majina ya watoto wako, umshukuru kwa jambo moja la siku hiyo ambalo unaweza kulitaja kwa jina lake, na umkabidhi lililokuumiza.

Jikoni nako kuna nafasi. Katika karne ya 17, kule Paris, mtawa Mkarmeli aliyeitwa Nicolas Herman, anayejulikana zaidi kama Ndugu Lawrence, alipewa kazi ya upishi ambayo kwa asili hakuipenda. Alijizoeza kuifanya kila sehemu ya kazi hiyo kwa ajili ya upendo wa Mungu, na alisema kwamba saa ya kazi kwake haikutofautiana na saa ya sala. Wewe chagua tendo moja tu unalolirudia kila siku, tuseme lile la kumimina unga kwenye maji yanayochemka na kushika mwiko, na kila ulifanyapo sema neno la Paulo kwa Wakolosai, "kama kwa Bwana." Paulo aliwaandikia maneno hayo watumwa waliofanya kazi katika nyumba za watu wengine. Lisipokujia, usijilaumu, ugali utapikwa tena kesho.

Mtawa mwingine wa shirika hilohilo, Thérèse wa Lisieux aliyefariki mwaka 1897, alikuwa na tatizo lako hasa: kwa miaka alisinzia wakati wa sala. Aliandika kwamba hilo halimkatishi tamaa, kwa sababu wazazi huwapenda watoto wao wadogo wakiwa wamelala sawasawa na wakiwa macho. Hata kama wewe si Mkatoliki, nadhani utamwelewa, kwa kuwa ni mama.

Sasa nafika kwenye yale ambayo sala peke yake haitayatatua. Acha kuamka saa tisa na nusu. Najua inaumiza kusikia hivyo kutoka kwa mchungaji, lakini dakika hizo za sasa hazikupi sala wala usingizi. Amka saa kumi, mwambie Mungu ukiwa bado kitandani kwamba siku hii ni yake, kisha ujiandae. Kwa wiki nzima hiyo ni saa tatu na nusu za usingizi ulizorudishiwa.

Halafu itazame jioni yako. Umeniambia kwamba ukifika unapika, unafua sare, unaangalia kazi za shule. Hukunieleza kama yuko mwingine nyumbani mwenye mikono. Kama mume yupo, au kama mtoto mkubwa anaweza kuosha vyombo, basi ugawaji wa kazi za nyumbani ni jambo la kiroho kabisa. Martha aliambiwa na Yesu kwamba anasumbuka kwa ajili ya vitu vingi, na wengi tumemlaumu Martha kwa hilo bila kuuliza kwa nini hakuna aliyeamka kumsaidia ili naye aketi. Kaeni nyumbani mlizungumze. Nusu saa itakayopatikana kwa mtu mwingine kufua sare itakujenga kuliko mahubiri mengi.

Jumanne nayo uidai. Amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati 5 inataja sababu waziwazi, "ili mtumwa wako na mjakazi wako wapumzike vile vile kama wewe," na inawakumbusha Waisraeli kwamba walikuwa watumwa Misri, mahali ambapo hakuna aliyewapa likizo. Sheria ya Kenya inalitambua hitaji hilo: Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 27, inampa mfanyakazi haki ya angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Naelewa kwamba kumwambia meneja hivyo si rahisi wakati kazi ni chache, na sikusukumi ugombane naye. Anza kwa upole: mwombe ratiba ya mwezi iandikwe, na kwamba ukiitwa Jumanne upewe siku nyingine juma hilohilo. Mkiwa wafanyakazi kadhaa mnaoomba jambo hilo kwa pamoja, husikika vizuri zaidi. Akikataa kabisa, ofisi ya kazi ya serikali inaweza kukushauri, ingawa uamuzi wa kwenda huko ni wako, kwa kuwa wewe ndiye unayejua kodi ya nyumba na karo zinategemea nini.

Jumanne ukiipata, lala kwanza. Usiamke saa tisa usiku kufidia wiki. Ukishaamka, ukashiba, watoto wakiwa shuleni, keti mahali penye mwanga nusu saa na Biblia yako. Hapo ndipo penye sala ndefu na ya kusikiliza ambayo matatu haiwezi kukupa. Nakushauri nusu saa hiyo uilinde kwa wivu, na kama ukichoka kuketi, tembea ukiomba.

Nilisema kwamba nitakuwa mkweli, basi lipo swali moja la kujipima. Ukipata siku ya mapumziko, ukalala ukatosheka, je, moyo wako unamtafuta Mungu, au bado unamkwepa? Ukimtafuta, tatizo lilikuwa uchovu. Ukiona kwamba hata ukiwa na nafasi na nguvu unakimbilia simu mpaka usiku, au kuna mtu hujamsamehe na kila ukipiga magoti sura yake inakujia, au kuna jambo unalolificha, hapo tunazungumzia kitu kingine kinachohitaji toba au mazungumzo, na usingizi wa saa saba hautakiponya. Sioni dalili hizo katika barua yako, lakini mimi nimesoma ukurasa mmoja tu, nawe unaujua moyo wako.

Yapo pia mambo ambayo barua haiwezi kuyashughulikia. Ukilala vya kutosha kwa wiki mbili au tatu na bado unaamka umechoka, nenda kituo cha afya upimwe. Upungufu wa damu, hasa kwa mwanamke anayepata hedhi nzito, matatizo ya tezi la shingo, kisukari, na kukoroma kunakoambatana na kukatika kwa pumzi usingizini, yote huleta uchovu ambao maombi ya ukombozi hayajaandikiwa. Kama kwa wiki mbili au zaidi umekosa furaha katika mambo uliyoyapenda, unalia bila sababu, au unajiona huna thamani, mweleze daktari au mshauri wa afya ya akili hayo pia, kwa sababu sonona huvaa mavazi ya hatia ya kidini mara nyingi kuliko tunavyodhani. Na siku utakayojikuta ukiomba kama Eliya, kwamba heri ufe, usingoje Jumanne. Mwambie mtu wa karibu nawe siku hiyohiyo, akupeleke hospitali. Yeyote atakayekuambia uache dawa ili kuonyesha imani, usimfuate.

Na hata afya yako ikiwa nzuri, kama hatia hii haikuachi baada ya kusoma haya na kuomba, tafuta mchungaji aliye karibu nawe, uketi naye ana kwa ana, zaidi ya mara moja.

Kuhusu kiongozi wako wa ushirika, usimwepuke wala usimsengenye. Huenda alisema vile kwa kukupenda, kwa kuwa alikuona zamani ukiwa wa kwanza kwenye kesha na sasa hakuoni. Mwendee faraghani, kama Mathayo 18 inavyoelekeza, umweleze ratiba yako kama ulivyonieleza mimi, saa kwa saa, kwa sababu nina shaka kama amewahi kuisikia. Mwambie kwamba kwa msimu huu hutahudhuria kesha za Ijumaa, kwa kuwa Jumamosi unashika visu na mafuta ya moto ukiwa hujalala, na hilo ni hatari kwako na kwa wenzako. Kama kuna kesha moja kwa mwezi inayoangukia usiku wa kuamkia siku yako ya mapumziko, unaweza kwenda. Kisha mwombe jambo moja: Ijumaa wakikesha wakutaje kwa jina, na wakupe majina mawili au matatu ya wanaohitaji maombi, ambayo utayashika wewe mchana wakati wao wamelala.